Nani Alimwambia Mathieu?

Stéphanie hununua mawe ya shaba kwa wachimbaji wa Musonoi. Mume wake, Mathieu, ni karani wa malori kule Fungurume. Kwa miezi mingi Mathieu alijua mambo ambayo hakuambiwa. "Leo ku Mutoshi kulikuwa batu mingi?" angeuliza kwenye simu, na Stéphanie hakuwa amemtajia mtu yeyote kwamba alipita mgodi wa Mutoshi.

Akaishuku simu yake ya Android. Aliiuza, akanunua iPhone kuukuu kwa Myriam, fundi wa sokoni, ambaye alimhamishia picha, namba na akaunti yake ile ile.

Siku ya pili Mathieu akapiga. "Uko unafanya nini ku Mutoshi?"

Stéphanie alirudi kwa Myriam. Myriam akafungua ramani ya simu, akamwonyesha jina la Mathieu.

"Mama, haiko telefone. Njo compte yako, ile akaunti nilihamisha. Mutu aliruhusu ionyeshe bwana yako fasi yote unaenda, tangu mwezi wa kwanza."

Jioni alimpigia mumewe kumuuliza, naye hakukana.

"Mi naogopa, mama. Tangu ile shimo iliangukia batu kule Mutoshi, silalake muzuri."

Maneno hayo yalimgusa Stéphanie, karibu alie. Halafu akakumbuka kwamba shimo lile lilianguka mwezi wa nne.

Alifuta ruhusa ile, akabadilisha neno la siri. Mathieu akiuliza yuko wapi, bado anamjibu; ila kwanza anataka aambiwe kwa nini ameuliza.