Kitambaa Kilichokwama Mpakani

Wizara iliniagiza nishone mikoba ya mkutano wake. Nchi jirani zilikuwa zikutane Kimihurura, hapa Kigali, kupanga vipaumbele vya utangamano wa kiuchumi, na kipaumbele cha kwanza, ambacho nilitakiwa kukitarizi kwenye kila mkoba, kilikuwa kuondoa vikwazo mipakani. Sharti lao moja: kitambaa kitoke kwa majirani. Nikafurahi kama mjinga, nikamwagiza binamu yangu aliye ng'ambo ya mpaka.

Kitambaa kikakwama. Cheti chake kilikuwa na muhuri wa bluu, na ofisa wa forodha wa upande wetu alitaka mwekundu. Nikatoka kwangu Niboye na nakala ya cheti hadi wizarani. Bwana mkubwa wa mipango akakisoma, akatabasamu.

"Fundi, hili ndilo tatizo lenyewe tunalokwenda kulijadili. Vuta subira."

Wakalijadili siku tatu, huku mabegani wakining'iniza mikoba iliyoletwa kwa ndege kutoka Asia. Mikoba hiyo, forodha haikuuliza hata ilikotoka. Kitambaa changu kiliingia Kigali wajumbe wakiwa wameshapanda ndege kurudi kwao.

Wiki iliyofuata yule bwana akanipigia simu. Walikuwa wakitafuta mfanyabiashara mdogo wa kusimama mbele ya watu na kueleza alivyonufaika na utangamano. Nikamuuliza nitasema nini, nami sijanufaika na chochote.

"Usihangaike, fundi," akasema. "Hotuba yako iko tayari, imeshagongwa muhuri mwekundu."