Utamu wa Kisima

Juzi, karibu na Tura, nilimwona afisa wa wilaya akiwaonyesha wakulima pori ambalo amri mpya inawataka wahamie.

"Kisima kipo, maji yake matamu," alisema. Kisha akachota kikombe cha maji kwenye debe alilokuja nalo garini, akanywa.

Mama mmoja mwenye jembe begani akasogea. "Ndugu afisa, na hayo ni ya hapa?"

"Haya nimetoka nayo mjini, mama. Tumbo langu halijazoea ya hapa."

"Haya, baba. Likizoea utuite, tutahama."

Watu wakacheka. Afisa akafunika debe, akatangaza kwamba nyumba zao zitabomolewa Jumatatu.

Niliomba nionyeshwe kisima, nikaambiwa tumechelewa. Najiuliza utamu wake aliuonja nani.