Mie Simo

Jirani yetu wa chini alikuwa na neno lake: "Mie simo." Ukilisikia, ujue amo mpaka shingoni. Alikaa kizingitini tangu asubuhi na sinia la mchele mapajani, na hakuna aliyepita uchochoro wetu wa Mji wa Kale bila kupekuliwa.

"Mie simo, na wala sitasema kuwa ngazi zenu zanuka mkojo wa mtoto," alikuwa akimwambia mama, mbele ya wageni. Hapo wageni wote wanaanza kunusa. Siku nyingine: "Yule mwalimu wa chuo aliyesimama mlangoni penu na binti, mie sikumwona. Macho yangu hayafiki mbali." Mwalimu mwenyewe wa Kurani, mzee wa miaka sabini, ameleta msahafu tuliousahau chuoni. Lakini utakanusha nini, na mtu amekwambia hakuona kitu?

Binti ni mdogo wangu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne, nimeolewa, na mume wangu yuko kazini Malindi. Nilikuwa nimerudi kwa mama na mtoto wa miezi mitano asiyelala. Sikuwa na subira na mtu.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, ilikuja posa kutoka mtaa wa Bondeni. Kijana tulimjua, na mdogo wangu alimtaka. Hakusema, ila alianza kuimba akifua. Ikabaki watu wa kijana waulize tabia za mdogo wangu, kama ilivyo ada, nasi tukaonywa na mama: "Mwenye kuuliza hajitambulishi. Chungeni ndimi zenu." Mimi nikaona wa kuchungwa ni mmoja tu, naye yuko chini na sinia lake. Kila mwanamke aliyesimama kumsalimu nilimchungulia dirishani. Akicheka, nasema ametutaja. Akinong'ona, nasema tumekwisha.

Majibu yalipokuja yalikuwa mafupi. Wamefanya istikhara, ile sala ya kumwomba Mungu uongozi, haikutoka vizuri, kila la heri. Kwetu kila mtu anajua istikhara ya namna hiyo imefanywa na mdomo wa nani. Mdogo wangu aliinamia kofia aliyokuwa akiidarizi, akaendelea kutia sindano. Mimi nikambeba mwanangu, nikateremka ngazi mbili mbili.

"Umewaambia nini watu wa Bondeni?"

"Salamu kwanza, mwanangu."

"Salamu baadaye. Umesema nini juu ya mdogo wangu?"

Aliuweka mchele chini. "Nimesema ni msichana wa sala. Nimesema mbaazi zake zampita mamake. Wallahi, nimemsifu hadi koo likanikauka."

"Muongo!"

"Haya, mie muongo." Akajifunga leso upya. "Basi mie simo. Na wala sitamtaja aliyeivunja posa hiyo, maana ni mtu wa ndani, na ana mtoto mkononi."

"Leo utasema," nikamwambia. "Leo huna cha kutosema. Sema!"

"Shangazi wa kijana alikufuata kliniki. Akakuuliza. Ukamjibuje?"

Nikamkumbuka. Foleni ya kupima uzito wa watoto, mwanamke wa buibui mwenye jino la dhahabu, amebeba mtoto ambaye hata hakujua kumshika. Akauliza mwanangu ana miezi mingapi, akauliza kwetu ni wapi, kisha: "Nasikia mna msichana nyumbani. Tabia zake vipi?" Mimi nikaona huyu katumwa na jirani kunichokonoa. Nikamkazia macho, nikamwambia: "Kuhusu mdogo wangu, mimi sina la kusema." Nilirudi nyumbani nikijisifu. Nilidhani nimefunga mlango.

Dada mtu, wa tumbo moja, anaulizwa tabia za mdogo wake naye hana la kusema! Ningekuwa mimi ndiye niliyetumwa, ningefikiria mimba.

Sikumwomba jirani radhi. Nilikwenda Bondeni mchana ule ule, jua la utosi, nikamkuta shangazi akianika nguo. Nikamwaga yote nikiwa nimesimama. Kwamba mdogo wangu hajawahi kulala nje ya nyumba. Kwamba ana hasira za karibu na husamehe kabla ya magharibi. Kwamba alifeli hesabu, kwamba hukoroma, na kwamba yule mwalimu wa chuo ni kizee.

Akasita na nguo mkononi. "Mwalimu gani?"

Hakuwa na habari ya mwalimu yeyote. Nilieleza habari ya msahafu, nikarudia, na kila nilivyorudia niliona uso wake ukijifunga.

"Mwanangu," akasema kwa upole ulioniudhi kuliko tusi, "juzi nilikuuliza ukaninyima hata neno. Leo sikukuuliza, waleta hadi mwalimu. Nishike lipi?"

Nikarudi. Jirani alikuwa palepale, ameinamia sinia lake. Mpaka leo sijui kama alimsifu mdogo wangu kweli au alisema na lake. Namshuku bado. Lakini nilichosema mimi nakijua.

Nilimweleza mdogo wangu yote, ya kliniki na ya Bondeni. Alikuwa amempakata mwanangu, maana tangu nirudi kwa mama yeye ndiye aliyempakata nikilala mchana, nikioga, nikila.

"Si ungesema tu mimi mvivu?" akasema. "Mvivu huolewa."

Akanipa mtoto, akachukua kofia yake na sindano, akaingia chumbani na kufunga mlango. Mtoto alilia akiunyooshea mikono mlango ule. Nilimbembeleza, nikambadilisha bega, nikampa ziwa. Alilikataa.