Ulimi Uliosuguliwa

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2008, tulikuwa watu wanne ndani ya kile chumba cha matibabu cha ghorofani, mtaa wa Umbilo, huku ugenini. Daktari Shen, Mchina, mwenye kazi. Madame Shen, mke wake, aliyepima mizizi na majani. Mama Zawadi, mwenye saluni ya chini, mtu wa kwetu Uvira, ndiye aliyenileta. Na mimi, Mama Amani. Shule niliachia darasa la tatu, lakini Kiingereza nilikuwa nimekiokota soko la Warwick nikiuza vitunguu. Wakongo na Warundi walikuwa wengi kwa Daktari, na hawakuelewana naye kwa lugha. Kwa hiyo nifagie, nichemshe dawa kwenye chungu, nitafsiri.

Daktari akaniambia, "Mama, mgonjwa akisema kitu, niletee hicho hicho, usitie chumvi. Na waambie wasisugue ulimi."

Ulimi! Ninyi vijana hamjui ulimi ulivyonichosha. Daktari wa Kichina anausoma kabla ya yote: rangi yake, mipasuko yake, na ule utando wa juu. Na watu wetu je? Kwao kwenda kwa daktari ni kama kwenda kanisani. Kitenge kipya, mafuta usoni, halafu mtu anasugua ulimi kwa mswaki mpaka unakuwa mwekundu kama nyama ya buchani. Daktari anashika kichwa.

"Huyu tena, Mama?"

"Huyu tena, Daktari."

"Ulimwambia?"

"Mpaka koo likakauka!"

Wengi walikuja na moyo wa kudunda. Daktari alikuwa anaweka vidole vitatu juu ya mshipa wa mkono, anafumba macho, anasikiliza. Kama ni damu ya moyo imepungua, alisema, tunachemsha mbegu za kunazi za Kichina. Kama ni moyo wa kushtuka, sindano nyembamba inaingia upande wa ndani wa mkono, juu kidogo ya kifundo cha kiganja, na mahali panapimwa kwa upana wa kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe. Lakini mwenye njaa hachomwi. Hiyo ilikuwa sheria yao.

Sasa, mwaka mmoja kabla sijaacha kazi, akapanda ngazi Mama Rehema, mkwe wangu. Binti yake Rehema ameolewa na Amani wangu. Wakati ule Rehema alikuwa na mimba yenye matata, kliniki ilikuwa imemwambia alale tu.

"Mkwe, moyo unaruka kama kuku aliyefungwa miguu."

Uso unang'aa mafuta. Ulimi umesuguliwa! Nilitaka kulia.

Daktari alishika mkono wake muda mrefu. Mshipa ulikuwa mwembamba kama uzi, unakimbia, unasimama, unakimbia tena. "Muulize amekula nini."

"Mwambie ugali na mboga ya sombe. Nimeshiba."

Nikatafsiri vilevile. Daktari akaangalia midomo yake iliyopasuka. "Muulize tena."

Hapo nikaelewa. Kanisani kwao wanafunga kavu, bila chakula wala maji. Na Biblia inasema ukifunga unawe uso, ujipake mafuta, watu wasijue.

"Biblia haikutaja ulimi!" nilimfokea. "Unafunga kwa ajili ya mimba?"

"Nyamaza, mkwe. Ukisema, maombi yanamwagika."

"Acha yamwagike!" Nikamgeukia Daktari, nikamwambia kwamba mkwe anafunga.

Akafunga kisanduku cha sindano. "Leo si kazi yangu. Mshipa unaosimama hivi unataka hospitali. Sasa hivi."

"Hospitali watanitia maji," akasema mkwe. "Nitakuwa nimevunja. Mtoto akifa?"

"Na wewe ukifa? Si wewe uliyesema utamwogesha huyo mtoto? Unataka nimbebe peke yangu, na kiuno hiki? Ungetaka kufa na siri yako, ungebaki nyumbani! Nani alikupandisha ngazi hizi kama si Mungu?"

Madame Shen hakujua neno hata moja la Kiswahili. Alileta kikombe cha maji ya vuguvugu, akamshikisha, akasimama hapo hapo. Mama Rehema akakitazama, akatazama dirisha. Akanywa. Halafu akalia sana.

Mama Zawadi akatafuta gari, nadhani la shemeji yake. Eish, kila robot, zile taa za barabarani, ilikuwa nyekundu, na mkwe ameniminya mkono mpaka pete ikaniumiza. Hospitali walimtia maji, wakamfunga nyaya za mashine, wakamlaza. Moyo ukatulia. Mtoto wa Rehema akazaliwa, msichana, mzima, ana sauti kama kengele.

Na kanisani? Mkwe alitoa ushuhuda: kufunga kwake ndiko kulileta mtoto. Kikombe hakukitaja. Nilikaa benchi la nyuma nikisaga meno. Nilipomhadithia Daktari, alicheka. "Mtoto yuko, bibi yuko. Wewe unataka nini zaidi?"

Niliacha kazi 2015, magoti yalipokataa ngazi. Kile chungu cha dawa Daktari alinipa, nachemshia chai. Mpaka leo akipita mtu wa kwetu amevaa vizuri, anaelekea kwa daktari, natamani kumwambia: fungua mdomo nione.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Mama Zawadi, kama lile gari halikuwa la shemeji yako, niambie. Na wewe mkwe, kama nimekosea hata neno moja, njoo unisahihishe. Lakini kula kwanza, na huo ulimi uuache ulivyo.