Muuza Drili Aliyekuwa Hajatoboa Ukuta Wake

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, Jumamosi, na mbele ya duka la Bong katika mtaa wa vifaa wa Bukseong-ro, mjini Daegu, Korea Kusini, watu saba wameshapanga foleni. Mlango wa chuma unapanda kwa kelele. Bi Pyo Sundeok anatoka akiwa na kiti cha plastiki mkono mmoja na kikombe cha kahawa mkono wa pili. Anawatazama wateja kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na kabla hata ya salamu anamgeukia kijana aliyetangulia.

"Una ukuta gani?"

Kijana, aliyefunga ndoa wiki tatu zilizopita, anajibu kwamba anataka drili ya betri ya volti ishirini, ile nyeusi kubwa aliyoiona kwenye simu.

"Sijakuuliza unataka nini. Nimekuuliza ukuta."

"Ukuta mweupe, mama mdogo," anajibu, akimwita kama wateja wote wanavyomwita.

Foleni inacheka. Bi Sundeok hacheki. Anamuuliza anataka kutundika nini, kijana anasema pazia.

"Pazia la chuma?"

"La kitambaa tu."

Bi Sundeok anaitoa hiyo nyeusi rafuni, anamkabidhi, na kumwambia ainyanyue juu ya kichwa kana kwamba yuko kwenye ngazi, akae hivyo dakika moja. Sekunde ya ishirini na tano mkono unaanza kutetemeka. Sekunde ya arobaini kijana anaishusha, anakiri kwamba kule kwenye simu haikuwa nzito hivi.

"Kwenye simu hata mimi ni mwembamba," anasema Bi Sundeok, na kumpelekea drili ya volti kumi na mbili, nyepesi, yenye kitufe cha kugonga kwa ajili ya kuta za zege. "Wewe utatoboa matundu mawili kwa mwaka. Hiyo nyingine waachie wanaojenga madaraja."

Foleni ya leo ina sababu. Ni tarehe ishirini ya mwezi mwandamo, siku isiyo na pepo. Siku nyingine pepo mzururaji huwa anazunguka pande zote za dunia, na mtu akipigilia msumari ukutani anaweza kumkanyagia mguu, akajiletea maradhi. Lakini tarehe ziishiazo na tisa na sifuri pepo huwa hayupo, na watu huhama, hutoboa na kugonga watakavyo. Vijana wanasema hawaamini mambo hayo. Vijana hao hao ndio wamejaa kwenye foleni.

Pembeni mwa mlango wa duka kuna kitu ambacho hakuna duka jingine mtaani linacho. Ni kipande cha ukuta kinachomfika mtu kifuani, kilichounganishwa kwa vipande vinne: zege, tofali, jipsamu na mbao. Juu yake imening'inia kwa mnyororo drili ya majaribio, ndogo, iliyofutika jina kwa miaka saba ya kushikwashikwa. Mteja hatoi pesa mfukoni kabla hajatoboa matundu matatu. Kila baada ya miezi miwili ukuta ule huwa umegeuka chujio, na Bi Sundeok humlazimisha bosi wake kujenga mwingine.

"Mtu akichagua drili kwa macho atajuta," anasema. "Sikiliza sauti yake ikigusa zege. Ikipiga kelele tu bila kuingia, si yako. Halafu uliza betri ngapi zimo kwenye boksi. Betri moja ikikuishia ukiwa juu ya ngazi, utakaa huko ukihesabu ndege."

Ana miaka hamsini na minane, thelathini na mmoja kati yake akiwa hapa. Alifika mtaani akiwa mleta chakula. Alibeba kichwani sinia la wali, supu na kabichi chachu ya kimchi, akiwagawia mafundi dukani kwao mchana. Siku moja bosi Bong Deukchil alikuwa ametoka, mteja akaingia akiulizia drili, na yule mleta chakula akatua sinia chini na kuuliza swali ambalo mama yeyote wa nyumbani angeuliza: ukuta wenyewe ukoje? Bong aliporudi alikuta drili imeuzwa na supu imepoa. Wiki iliyofuata alimwajiri.

Mshahara wake leo ni won milioni mbili na laki nne kwa mwezi. Si haba, na si nyingi. Kwa mshahara huo na wa mumewe, Gi Mansu, dereva wa teksi, waliishi katika nyumba nane za kupanga kwa miaka ishirini na minane. Na hapa ndipo lilipo jambo ambalo wateja wake wengi hawalijui.

Bi Sundeok, aliyewachagulia drili maelfu ya watu, hajawahi kutoboa ukuta wa nyumbani kwake.

Wenye nyumba wote wanane walikuwa na sharti moja: hakuna msumari. Mwingine alikuja na tochi kukagua. Kwa hiyo picha ya familia, iliyopigwa studio binti yao Hyerim alipokuwa na miaka saba, haijawahi kutundikwa. Mansu alikuwa amenunua fremu ya kioo yenye uzito wa kilo kumi na moja, kwa matumaini. Picha imekaa sakafuni nyuma ya makabati, chini ya kitanda, na mara nyingi zaidi nyuma ya friji.

"Miaka kumi na tisa uso wangu unatazama mgongo wa friji," anasema Bi Sundeok. "Friji tumebadilisha mara tatu. Uso ni ule ule."

Mwezi huu wamehamia kwao. Ni nyumba ndogo, ghorofa ya tatu katika jengo la zamani, ya mkopo lakini yao. Magari ya kuhamisha mizigo hupandisha bei maradufu siku zisizo na pepo, kwa hiyo mama mkwe, Bibi Maeng, mwenye miaka themanini na minne, akatoa ufumbuzi wa kale: sufuria ya umeme ya kupikia wali ilitangulia siku njema, ikalala humo peke yake siku nne kumzuga pepo adhani wameshahamia, kisha familia ikafuata kwa bei ya kawaida. Kwenye suala la ukuta, hata hivyo, Bibi Maeng hakulegeza kamba. Tundu la kwanza litatobolewa siku njema, au halitatobolewa.

Siku njema ni leo. Inayofuata ni baada ya siku tisa, na kesho Hyerim anapanda ndege kwenda Hanoi, alikopata kazi ya miaka miwili. Isitoshe, uongozi wa jengo hauruhusu kutoboa baada ya saa kumi na mbili jioni. Bi Sundeok anataka binti yake aone picha ikipanda ukutani kabla hajaondoka. Hataki kitu kingine, na amelisema hilo mara tano tangu asubuhi.

Kilichobaki ni drili, na hapo ndipo mtaalamu amechanganyikiwa. Tangu Jumatatu ameweka moja chini ya kaunta, akairudisha, akaweka nyingine. Jumatano alichukua ile nyeusi ya volti ishirini.

"Nilimkuta ameinyanyua juu ya kichwa, anahesabu," anasema bosi Bong, mzee wa miaka sabini na mmoja, machozi ya kicheko yakimlenga. "Nikamuuliza, mama Hyerim, una ukuta gani? Akaniambia nitoke nje."

"Nimengoja miaka ishirini na minane," anajitetea Bi Sundeok. "Nilitaka ukuta usikie kwamba nimefika."

Alhamisi akili ilimrudia. Akaweka kando ile ya volti kumi na mbili yenye kugonga, betri mbili, won laki moja na ishirini na tisa elfu. Iko chini ya kaunta, ina karatasi yenye jina lake.

Kufikia saa nane mchana drili za aina hiyo zimekwisha rafuni. Saa tisa na nusu anaingia mwanamke mjamzito, anahema. Bi Sundeok anamuuliza ukuta, naye anajibu bila kusita: zege, nyuma ya mlango wa chumba, rafu ya nguo za mtoto. Kisha anaonyesha simu yake. Ni ujumbe wa mwenye nyumba: *Matundu mawili tu. Nyuma ya mlango. Na iwe leo, nisilaumiwe mimi.*

"Nimemwomba miezi mitano, mama mdogo. Leo ndiyo kakubali. Kesho anaweza kubadilika."

Bi Sundeok anausoma ujumbe mara mbili. Anajua uzito wake, kwa kuwa wenye nyumba wake wanane hawakuwahi kumwandikia kama huo. Anainama chini ya kaunta, anabandua karatasi yenye jina lake, anaweka boksi mezani.

"Hii hapa. Shika juu dakika moja kwanza. Wewe nakupunguzia, nusu dakika."

Anamwekea na biti ya milimita sita, ile ncha ya kutobolea, na fisha nne, vile vipande vya plastiki vinavyoingia tunduni kushika skrubu. Mwanamke anatoka na boksi lake. Rafuni zimebaki zile nyeusi kubwa, zilizomlemea Jumatano, na zile ndogo za kufungia skrubu za samani, zisizoweza hata kukwaruza zege.

"Nenda kwa Tak," anasema Bong, akimaanisha duka la mkabala.

"Mimi? Nikanunue drili kwa Tak? Atanisimulia mpaka kwenye mazishi yangu."

Bong anajikuna kichwa. Anachukua koleo ya kukatia, anatoka nje, na sauti ya mnyororo kuanguka inasikika. Anarudi na drili ya majaribio, vumbi la zege limeijaa hadi kwenye kitufe.

"Ilikuwa ya duka," anasema. "Sasa ni yako. Ondoka kabla ya saa kumi, leo nitawauliza mimi hayo mambo ya ukuta."

"Hujui kuuliza."

"Nimekusikiliza miaka thelathini na mmoja, mama Hyerim. Hata usingizini najua kuuliza."

Bi Sundeok anaipangusa drili kwa aproni yake, anaibonyeza, anasikiliza. Anampa Bong mgongo kwa muda, na anapogeuka macho yamekuwa mekundu. Anasema ni vumbi. Amefanya kazi ndani ya vumbi hilo miaka yote bila kupepesa macho.

Saa kumi na moja na robo yuko nyumbani. Jengo zima linavuma, kila ghorofa ina mtu anayetoboa. Sebuleni tambi za mchuzi mweusi, chakula cha siku ya kuhama, zimeshaletwa, ingawa siku ya kuhama ilipita, kwa sababu Mansu anadai kuhama hakujaisha mpaka picha ipande. Bibi Maeng ameketi mahali pake na penseli mkononi. Ameshachora alama ukutani, juu ya kochi.

"Mbona umechelewa? Na hicho kitu umekiokota wapi?" anauliza Bibi Maeng.

"Ndicho nilichochagua, mama."

"Miaka yote unauza vipya, kwako unaleta mtumba."

Bi Sundeok anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Sauti ni nene, zege. Anagonga tena. Anagonga mara ya nne, na Hyerim anamshika bega.

"Mama, ukuta umeshajibu."

"Najua. Nilikuwa nausalimia."

Anaweka biti kwenye alama ya penseli. Mansu anashika kifyonza vumbi chini yake. Saa yake inasema kumi na moja na dakika thelathini na nane. Drili inalia, inagonga, zege linatema unga mweupe, na biti inaingia taratibu mpaka mwisho. Tundu la pili linafuata. Fisha mbili, skrubu mbili, na watu wanne wanainua fremu, bibi akiwa mmoja wao, japo anachoinua ni sauti tu.

Picha imekaa. Mtoto wa miaka saba asiye na meno ya mbele anaitazama sebule, na Hyerim wa miaka ishirini na sita anamtazama yeye. Kioo bado kina alama ya vumbi la mgongo wa friji. Mansu anarudi hatua mbili nyuma, anasema imeinamia kushoto.

"Ukiigusa nakutoboa," anasema mkewe.

Mlango unagongwa. Ni jirani wa ghorofa ya pili, mzee aliyevaa kandambili, na wote wanajiandaa kusikia lalamiko la kelele. Anakohoa.

"Samahani, mmemaliza? Mimi nina saa ya ukutani tu. Kama mnaweza kuniazima, zimebaki dakika kumi na tano."

Bi Sundeok hampi. Kwanza anamuuliza ana ukuta gani.

Sasa anasema ana mpango. Atakapostaafu akiwa na miaka sitini na mitano, anataka kuweka drili ile na kipande cha ukuta wa majaribio chini kwenye lango la jengo, ili majirani waazime badala ya kila mtu kununua ya kwake. "Bosi akisikia atakufa," anasema. "Ndiyo maana nitangoja nistaafu."

Lakini mpango wa karibu zaidi umeshaandikwa ukutani. Mzee wa ghorofa ya pili anapokuwa akishuka ngazi na drili, Bi Sundeok anachukua penseli ya mama mkwe wake, anapima kwa kiganja upande wa kulia wa fremu, na kuchora msalaba mdogo.

"Hapo ni pa picha ya pili," anamwambia binti yake. "Ukirudi tunakwenda studio, wote wanne. Miaka miwili. Nimeshatafuta kwenye kalenda siku isiyo na pepo."

Bibi Maeng anaomba aonyeshwe tarehe, ahakikishe mwenyewe.