Kidonge cha Mama Chini ya Hadubini

Nilimwibia mama yangu kidonge cha presha. Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Homa Bay, maana wao huongeza yao.

Ilianza na rangi. Miaka yote vidonge vya mama vilikuwa vya pinki, halafu mwezi huo Mzee Okech mwenye duka la dawa akampa vyeupe, tena akivihesabu haraka bila kuinua macho, na mimi niliyekuwa mlangoni (ninayetazama video za wapelelezi kuliko ninavyosoma vitabu) nikajiambia huyu mzee anaficha kitu. Hata salamu yake nikaanza kuishuku. Ananiulizia masomo yangu ya nini?

Wiki hiyo mwalimu wa kemia alituonyesha fuwele za chumvi kwa hadubini. Unayeyusha kwa maji, unaweka tone kwenye kioo, likikauka unachungulia. Basi asubuhi nikasaga kidonge kimoja jikoni kwa kijiko cha kwanza nilichoshika, unga nikaufunga kwa karatasi ya daftari, na saa ya mapumziko nikaomba kuingia maabara eti nirudie zoezi (mwalimu alifurahi, maskini).

Niliona fuwele kama sindano tupu, ndefu, zinang'aa, zimepandana kama miba ya samaki. Nikamwita rafiki yangu Brayo, naye akachungulia muda mrefu, akasema, "Hiyo si dawa, msee." Brayo hupata D ya kemia, lakini siku hiyo alikuwa profesa wangu.

Jioni nikamwambia mama aviache, ni bandia, nimeona kwa macho yangu. Akavirudisha mkobani bila kumeza. Siku ya tatu alikuwa anashika ukuta akitembea, kichwa kinamgonga, na mimi badala ya kuogopa nikapandwa na hasira, nikampeleka moja kwa moja kwa Okech, duka limejaa akina mama wa kanisa letu, nikatangaza mbele yao wote kwamba mzee anatuuzia sumu na nina ushahidi wa kisayansi, kidonge nimekisaga nikakiona kwa hadubini.

Okech alimkalisha mama, akampima presha, akatazama mashine mara mbili. Ndipo akaniuliza polepole nilikisaga na nini. Nikasema kijiko. Kijiko gani? Kile cha kwenye kopo, karibu na jiko.

"Kopo la magadi?" mama akauliza.

Magadi, yale ya kulainishia mboga za kienyeji, yalikuwa yamegandia kijikoni na mimi sikuangalia; zile sindano zilikuwa zake. Dawa ilikuwa ileile, kampuni tofauti, na mama alikuwa ameelezwa hayo siku ile ile mimi nikiwa bize na upelelezi wangu mlangoni. Mama mmoja wa kwaya alicheka hadi akashika kaunta. Mimi nilitamani sakafu inimeze, lakini sakafu ya Okech ni ya simiti.

Hatukukaa kusikiliza kicheko, maana Okech alimwita mtu wa boda atukimbize hospitali, na tukashinda huko kwenye benchi mpaka presha iliposhuka. Niliapa pale pale: nikishuku kitu tena, nitauliza kwanza kwa mdomo.

Tulipofika langoni kwetu mama akasimama, akasema, "Omondi wuoda, mwanangu, hiyo hadubini yenu mimi siijui. Niliacha dawa kwa sababu ni wewe ulisema."