Sitini Elfu za Bi Khaduj

Chururu, chururu. Hivyo ndivyo maji yalivyokuwa yakishuka katika hodhi la uani kwa Bi Khaduj, na hata yalipokatika, masikio yake hayakukubali. Kwa miaka thelathini na minne mumewe, Absalam, alikaa ukingoni mwa hodhi lile kila alasiri, vidole majini, akimngoja mkewe arudi sokoni. Akiingia tu, hata kapu hajalitua, Absalam humuuliza:

"Umempunguza ngapi?"

Maana Bi Khaduj alikuwa na sifa mbili mtaani. Moja ni sindano: kaftani nyingi za harusi katika vichochoro vile vya mji wa Tanja zilitoka mikononi mwake. Ya pili ni ulimi wa kushusha bei. Muuza samaki akimwona kwa mbali hupandisha bei mapema, ili apate pa kushukia.

Absalam alifariki majira ya mvua. Mwaka uleule hodhi likapasuka, maji yakawa yanapenya ukutani hadi jikoni kwa jirani, bomba likafungwa. Imetimu miaka mitatu sasa. Ukingo mtupu Bi Khaduj aliuzoea. Kimya kile ndicho kilichomshinda.

Basi aliposikia kwamba kuna fundi kutoka Marrakesh anayetengeneza bafu la umma, hamamu ya mtaa wa pili, tena kwa chokaa ya kwao, ile inayosuguliwa kwa jiwe na sabuni nyeusi mpaka ing'ae na isipitishe tone, alimfuata siku hiyohiyo. Fundi mwenyewe aliitwa Lahsen, mtu mnene mwenye kucheka kwa tumbo zima. Alilizunguka hodhi mara mbili, akaligonga kwa kidole kama mnunuzi wa tikiti maji.

"Mama, hili livuliwe lote, livikwe upya. Themanini elfu."

"Themanini? Unanijengea msikiti?"

"Chokaa natoa kwetu, mama. Safari nzima mpaka huku."

"Imekuja kwa gari au imebebwa kwa msafara wa harusi? Hamsini."

"Sabini, na nakuombea dua."

"Dua zangu naomba mwenyewe. Sitini, na chai kila siku."

"Chai yenye mnanaa?"

"Na vikeki."

"Haya, sitini elfu. Umeniua, mama."

Wakapeana mikono. Jioni ile kichochoro kizima kilipata habari. "Amekuja na mia nane," Bi Khaduj aliwaambia majirani, "ametoka na sitini elfu, yaani dirhamu mia sita. Hata arubuni hakuomba! Hawa watu wa ndani wana moyo safi jamani." Watu wa ndani, kwa watu wa Tanja, ni yeyote aliyezaliwa kusini ya milima yao.

Kwa siku tano Lahsen alibomoa, akachekecha, akapaka, akaimba. Siku ya sita ilikuwa ya kusugua. Alipiga magoti ndani ya hodhi, jiwe laini la mtoni mkononi, na lipu ya rangi ya asali ikaanza kung'aa kama ngozi ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Bi Khaduj alikaa karibu akishona vifungo, akitazama.

"Hii ikishakauka haisuguliki tena, mama," Lahsen alisema. "Lazima niimalize leo. Ukiiacha nusu inanywa maji kama sifongo. Alasiri nitakuwa nimemaliza, nawe uniwekee zile elfu tatu zangu, nipande basi la kesho."

Sindano ilisimama hewani.

"Elfu tatu zipi?"

"Dirhamu elfu tatu. Kazi yangu."

"Fundi, jua limekupiga? Tumeelewana sitini elfu!"

"Na mimi nasema hizohizo! Sitini elfu!"

"Basi zichukue!" Bi Khaduj alichomoa bahasha kifuani, akaipiga juu ya ukingo. "Hizi hapa, mia sita, hesabu!"

Lahsen alichungulia ndani ya bahasha, akamtazama yule mama, akachungulia tena. Kicheko kilimtoka, kisha kikakatika alipoona anacheka peke yake, tena anatazamwa kwa chuki.

"Mama, mia sita haifiki hata bei ya chokaa."

"Ulisema mwenyewe! Ulimi wako!"

"Nilisema, na nasema, na nitasema mpaka Marrakesh! Nyinyi watu wa Tanja niliambiwa mna mikono mizito ya kutoa, lakini hii, wallahi!"

"Na nyinyi niliambiwa ni wachekeshaji. Sikujua mnachekesha kwa mifuko ya wajane!"

Lahsen alilifuta jiwe lake kwa shati, akalitia mfukoni, akatoka ndani ya hodhi na kukaa kwenye kizingiti, mgongo kwa mwenye nyumba. Hodhi lilibaki nusu liking'aa, nusu likififia. Jua lilikuwa limeshafika ukingoni, na chokaa haikujua kwamba kuna ugomvi. Ilikuwa inakauka. Bi Khaduj aliitazama, na kwa mara ya kwanza tangu fundi yule aje, akakisikia tena kile kimya.

Hapo mlango ukasukumwa. Alikuwa Mfadal, mwenye tanuri la mtaa, na ubao wa mikate kichwani.

"Khaduj, mkate wako umekungoja mpaka umezeeka. Kuna nini? Kelele zenu zimefika kwangu kabla ya moshi wangu."

Wakasema wote wawili kwa pamoja. Mfadal alitua ubao, akainua mkono uliojaa unga.

"Mmoja mmoja. Wewe, fundi, mlielewana ngapi?"

"Sitini elfu."

"Khaduj?"

"Sitini elfu."

"Sasa mnagombania nini, furaha?"

Mfadal alijikuna shingo. Kisha akachukua mkate mmoja, akamnyooshea Lahsen.

"Nimekuuzia huu asubuhi. Ulinilipa ngapi?"

"Thelathini."

"Khaduj, mkate wangu ngapi?"

"Mia na hamsini. Kila mtu anajua."

Mfadal alianza kutikisika mabega. Akakaa chini pale uani, unga ukimtoka nguoni kama vumbi la barabara, akacheka mpaka akajifuta macho.

"Riali!" alisema. "Huyu anahesabu riali, ishirini katika dirhamu! Na wewe unahesabu faranga, mia katika dirhamu! Mimi kila asubuhi wageni wa ndani wananitajia riali zao na naelewa, lakini nyinyi... Siku sita! Mmekunywa chai siku sita, kila mtu na pesa za kwao kichwani!"

Lahsen alijipiga paji la uso, alama nyeupe ya chokaa ikabaki pale. "Ndiyo maana ulikubali haraka, mama! Nikasema moyoni, huyu bibi ana mkono wa kifalme."

Bi Khaduj hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu, na kila alipoipiga ilimrudia mbaya zaidi.

"Sina elfu tatu, mwanangu," alisema. "Akiba yangu yote ni elfu moja, na mia sita hizi zimo ndani yake. Nilijua ni rahisi kupita kiasi. Nilijua, nikanyamaza. Nikajisifu."

Mfadal aliacha kucheka. Lahsen alilitazama hodhi, halafu ile nguo aliyokuwa akishona: kaftani ya kijani, vifungo vya hariri vimejipanga kama punje za mtama.

"Hii ya nani?"

"Ya bibi harusi mmoja, mtaa wa juu."

"Binti yangu anaolewa baada ya mavuno ya zeituni. Kama hii, kwa binti wa mtu maskini, ni ngapi?"

Bi Khaduj aliinyoosha nguo magotini. Ulimi wake wa zamani ukaamka kidogo.

"Arobaini elfu."

Lahsen alifinya jicho moja. "Za kwenu au za kwetu?"

"Za kwenu, mwanangu. Za kwenu!"

"Thelathini na tano."

"Arobaini. Umesikia ninavyohesabu sasa."

"Arobaini, na mshipi wake."

"Na mshipi."

Wakapeana mikono, safari hii Mfadal akishuhudia na kutaja dirhamu kwa sauti, moja baada ya nyingine: elfu moja mkononi, kaftani ya elfu mbili, jumla elfu tatu. Lahsen alikuwa ameshaingia ndani ya hodhi kabla Mfadal hajamaliza kuhesabu. Alinyunyiza maji pale palipofifia, akasugua kwa mikono miwili, bila wimbo, jasho likimdondoka. Bi Khaduj alimshikia bakuli la sabuni. Jua lilipohama ukingoni, hodhi zima lilikuwa na rangi moja.

Maji yalifunguliwa baada ya siku ambazo Lahsen aliwaagiza wangoje. Yeye alikuwa keshafika kwao, amebeba mikate miwili ya Mfadal na uzi wa kumpimia binti yake, ili aurudishe ukiwa na mafundo ya bega na kiuno. Bi Khaduj alizungusha bomba mwenyewe. Likakohoa, likatema kutu, kisha: chururu.

Alikaa ukingoni, akatia vidole majini. Aliyasikiliza kwa muda mrefu, kama anayeulizwa swali analolijua. Halafu akainama karibu na uso wa maji na kusema kwa sauti ndogo sana:

"Absalam, safari hii aliyepunguzwa ni mimi."